Yashica Electro, Canonet, Zorki 4 au Leica M3: uchukue ipi kama unakaa Tanga

Kamera ya renjifainda ya zamani ukiishika tu unaelewa kwa nini watu hawaiachi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, sio kupitia lenzi, katikati pana kidoa kinachokuonyesha taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka zile mbili zinakaliana zinakuwa moja, unabonyeza, basi. Hakuna kioo kinachoruka ndani na yule unayempiga unaendelea kumuona hata wakati picha inapigwa. Ni raha kweli, na sitaki mtu aikose kwa sababu tu alinunua kamera isiyomfaa.

Watu wa hapa Tanga wanaoniuliza karibu wote wanakuja na majina manne: Yashica Electro 35 (hasa ile GSN), Canonet QL17 GIII, Zorki 4, na kwa aliyejipanga, Leica M3. Na karibu wote wanaanza na lenzi ipi kali. Mimi hilo naliweka mwisho kabisa. Lenzi za hizi kamera zote ni nzuri kama ziko safi, kazi ni kuziweka safi, maana sisi tunakaa na bahari mlangoni, unyevu mwaka mzima, chumvi hewani, jua kali, na fundi aliyesomea kamera huna jirani. Kwa hiyo cha kujiuliza ni hii kamera itaishi vipi hapa na ikizingua nani ataifungua.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano na kamera zote nne nitazipitisha humo humo: betri, jua la mchana pamoja na flashi, kuvu na chumvi, ufundi, alafu inavyokaa mkononi. Bei sitaijadili sana, ijulikane tu kwamba Leica iko mbali sana juu ya wenzake na hizo tatu zinakaribiana, inategemea muuzaji na hali ya kamera.

Kwanza tuzijue kidogo

Leica ndio mzizi. Ya kwanza iliingia sokoni 1925, Leica II ya 1932 ikaja na renjifainda ndani yake, na mwaka 1934 kule Kharkiv, Ukraine, wakaanza kutoa FED iliyoiga hiyo Leica. Kiwanda cha KMZ karibu na Moscow kikafuata na Zorki mwaka 1948. Zorki 4 imetengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973, zilitoka zaidi ya milioni moja ndio maana mpaka leo hazijaadimika. Leica M3 ni ya 1954. Za Japani ni za juzi kidogo, Electro 35 ilianza 1966 na GSN ikaja 1973, Canonet zilianza 1961 na hii GIII ni ya 1972.

Zorki na Leica lenzi inatoka unaweka nyingine. Yashica na Canonet lenzi haitoki, uliyonunua nayo ndio hiyo hiyo. Hili likumbuke tukifika kwenye kuvu.

Betri

Zorki 4 na Leica M3 hazina betri kabisa, hazina hata mita ya mwanga, kila kitu ni springi na meno ya chuma. Unapima mwanga kwa macho au kwa programu ya simu, na kwa jua letu kanuni ni rahisi, jua likiwa wazi weka tundu la lenzi f/16 (namba ya f ikikua tundu linapungua) na spidi ya shata, yaani muda ambao mlango wa mwanga unafunguka, ikaribiane na namba ya filamu (ISO), yaani filamu ya 100 piga kwa 1/125 ya sekunde, ya 400 piga kwa 1/500. Ukishazoea hata simu hutoi mfukoni.

Canonet iko katikati. Mita yake inataka betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo siku hizi haitengenezwi kwa sababu ya sumu, ukiweka ya kawaida ya volti 1.5 mita inadanganya. Njia ambayo watu wengi wanatumia ni betri za vifaa vya kusaidia kusikia namba 675, zina volti 1.4, unaizungushia kiduara cha mpira au waya ili ikae isichezecheze. Uzuri wake ni kwamba betri ikifa kabisa shata inaendelea na spidi zote kutoka 1/4 hadi 1/500, unapoteza mita na ile hali ya kujipangia mwanga tu.

Yashica ndio inategemea umeme kuliko zote. Shata yake ni ya elektroniki, wewe unachagua tundu la lenzi yenyewe inachagua spidi, na inaweza kushuka mpaka sekunde 30, jambo ambalo wenzake hawaliwezi wenyewe. Lakini bila betri unabaki na 1/500 peke yake. Betri yake ya asili ya volti 5.6 nayo haipo tena, watu wanaweka ya volti 6 (4LR44) na kiadapta kidogo na inafanya kazi vizuri tu, ila agiza kadhaa kwa pamoja kwa sababu hii sio betri utaikuta kwenye kila duka la mtaa.

Jua la saa sita, na flashi

Hapa watu wa pwani tuna hesabu zetu. Ukienda Raskazone mchana na filamu ya 400, Yashica na Canonet zinaishia 1/500 kwa hiyo umekwama kwenye f/16, huna pa kwenda. Zorki na Leica zinafika 1/1000 unapata f/11, nafuu kidogo tu. Kwa hiyo kamera yoyote utakayochukua, kwa mchana wa huku nunua filamu ya 100 au 200, na hiyo f/1.7 inayosifiwa sana utaifaidi jioni na ndani ya nyumba.

Flashi ndio zinapotofautiana hasa. Canonet shata yake ni vibati vyembamba ndani ya lenzi, flashi inakubali kwa spidi yoyote mpaka 1/500. Maana yake harusi ya mchana, bibi harusi amesimama kwenye kivuli cha mwembe nyuma yake jua linawaka, unamwekea flashi kidogo usoni na nyuma hakugeuki weupe mtupu. Yashica shata yake ni ya aina hiyo hiyo lakini ukiiweka kwenye alama ya flashi inakaa 1/30 tu, Zorki nayo ni 1/30, Leica M3 ni 1/50. Hizo tatu flashi yake ni ya usiku na ya ndani.

Jambo lingine la jua na watu hawaambiwi wakinunua: Zorki na Leica zina pazia la kitambaa nyuma ya lenzi. Lenzi ikiachwa wazi imeelekea jua inakusanya mionzi na kutoboa hilo pazia, na tundu dogo tu linaacha vidoti vyeupe kwenye kila picha. Kwa hiyo ukitembea nayo barabarani funika lenzi au iangalie chini, na ukiiweka mezani ufukweni usiilaze lenzi juu. Yashica na Canonet hazina hiyo shida, vile vibati ni vya chuma.

Kuvu na chumvi

Hapa nakaa zaidi kwa sababu lenzi nyingi za pwani zinafia hapa.

Kuvu inapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu wa juu ya asilimia 65 hivi, na sisi hapa wakati wa masika tunapita hapo bila jasho. Inaota kwenye kioo, ukimulika na tochi unaona nyuzi nyembamba zimetawanyika kama utando wa buibui. Ikikaa muda mrefu inatoa tindikali inayokula ile rangi ya juu ya kioo (tabaka jembamba lililopakwa kiwandani) na baadaye kioo chenyewe, hapo hata ukisafisha nyuzi zinatoka lakini kovu linabaki. Ikiwahiwa inasafishika vizuri kabisa.

Sasa lenzi ipi inasafishika kirahisi? Jupiter-8 ya Zorki (50mm f/2, imetokana na Sonnar, lenzi ya kiwanda cha Zeiss cha Ujerumani) inaongoza. Unaitoa kwenye kamera, na ile sehemu yenye vioo inafunguka kutoka kwenye sehemu ya fokasi bila kuvuruga mambo mengi. Mtu makini mwenye spana ya lenzi na meza safi anaweza. Industar-61, lenzi nyingine ya Kirusi inayoingia humo, ni hivyo hivyo na ina vioo vichache zaidi. Na ikiwa imeharibika kabisa unanunua lenzi nyingine tu, inafungwa kwa uzi wa M39, lenzi zake zipo nyingi na bei zake hazitishi.

Leica nayo lenzi inatoka, ila lenzi za miaka ya 50 vioo vyake vina rangi laini sana juu, zinakwaruzika ukiangalia vibaya. Ile tabia ya kupangusa lenzi kwa pindo la khanga au shati lenye jasho na chumvi kwenye Summicron (lenzi ya Leica) ya zamani ni hasara kubwa. Puliza kwanza vumbi na chumvi vitoke, alafu kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo wa dawa ya lenzi, taratibu. Alafu usinunue Jupiter ukidhani utaivalisha Leica kwa adapta ukaokoa hela. Inaingia ndio, lakini Warusi walifuata kipimo cha fokasi cha Contax, kamera nyingine ya Kijerumani, kwa hiyo ukipiga mtu wa karibu lenzi ikiwa wazi unakuta fokasi imekaa pengine na sio machoni.

Canonet na Yashica, kuvu ikiota kioo cha mbele au cha nyuma kabisa unafika, vinafunguka. Ikiota katikati pale karibu na shata ndio kazi, hasa Yashica ambayo ina nyaya za umeme zinapita humo mbele. Canonet ina ugonjwa wake pia, mafuta ya zamani yanasambaa kwenye vibati vya shata vinanata, unabonyeza hakifunguki kitu. Hewa ya chumvi nayo inapenda nyaya na sehemu za betri, Yashica iliyoachiwa betri ndani miaka mingi ukifungua unakuta kijani tupu.

Utunzaji ni mmoja kwa zote na hauna gharama. Usiiweke kabati la nguo. Usiiweke kwenye ule mfuko wake wa ngozi wa zamani hata kama unapendeza, ngozi inashika unyevu. Chukua dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka silika jeli, na kama unaweza kipimo kidogo cha unyevu, lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikishanyonya unaikausha kwenye kikaango moto mdogo inarudi kazini. Mchele usiweke, vumbi lake linaingia kwenye kamera. Na itumie! Kamera inayotoka nje kila wiki ikapata mwanga na hewa inaota kuvu kwa shida sana kuliko iliyofichwa kwa heshima.

Nani ataifungua

Fundi tulionao ni fundi saa, na kwa kweli ni watu wa maana sana kwenye hili, wana bisibisi ndogo, wana lenzi ya jicho na mikono imetulia. Mmoja wa Ngamiani nilimpelekea Zorki akaniambia "Kaka, saa naifungua macho yamefumba, hii yako kaa hapa tuifungue wote nione inavyokwenda", na hiyo ndio njia nzuri, ukae naye, mpige picha kwa simu kila hatua kabla skrubu haijatoka, na skrubu zipangwe kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka.

Kwa fundi wa namna hiyo Zorki ni rafiki. Ni mashine ya wazi, mgongo wote unatoka, na renjifainda ikipotea mstari unaweza kuirekebisha kwa nje, kuna skrubu ndogo mbele ukiitoa unafikia ya kurekebishia. Ubaya wake ni kwamba ziliunganishwa kwa viwango tofauti tofauti, moja inafanya kazi kama mpya na pacha wake ana matatizo tangu kiwandani. Na ina sheria moja usiivunje: vuta filamu kwanza ndio ubadilishe spidi. Ukibadilisha spidi kabla ya kuvuta unaweza kuharibu ndani.

Canonet fundi saa anaweza pia, vibati vinavyonata vinasafishwa na mafuta ya laita baada ya kutoa vioo vya mbele, ni kazi ya subira tu. Sponji za mlango zinaoza zote za umri huo, zinageuka uji mweusi, unakwangua na kubandika mpya, hilo hata mwenyewe nyumbani unafanya.

Yashica inataka fundi mwenye kujua umeme. Ugonjwa wake maarufu ni kipande kidogo cha mpira ndani kinachooza, ukivuta filamu kwenye kamera nzima unasikia mlio wa "klak", usipousikia ujue kile kimpira kimekwisha na mwanga hautakuwa sahihi. Fundi redio akikaa na fundi saa mambo yanawezekana, lakini tayari ni watu wawili.

Leica M3 imetengenezwa ifunguliwe na kurekebishwa miaka yote, ndio heshima yake. Lakini sio ya kumpa mtu ajifunzie. Ikidondoka vioo vya kidirisha vinaweza kuachana gundi na kidirisha kikawa giza, hiyo inapelekwa kwa mtaalamu, na mtaalamu maana yake kuisafirisha nje na kusubiri.

Na kwa zote nne, kile kioo cha ndani kinachounganisha taswira mbili usikisugue na spiriti, ile rangi yake inatoka na kidoa kinapotea moja kwa moja.

Mkononi

Leica kidirisha chake hakina mpinzani, kinaonyesha vitu karibu kwa ukubwa wake halisi (0.91), unaweza kuacha macho yote mawili wazi, na mstari wa kuonyesha ukingo wa picha ya lenzi ya 50mm unakaa wenyewe. Vyuma vyake vinateleza laini mpaka unataka kuvuta tu bila filamu.

Yashica ni kubwa na nzito lakini mistari ya kidirisha inajisogeza unavyosogea karibu, na taa zake ni rahisi kwa anayeanza, ya njano inakwambia spidi ni ndogo shikilia vizuri, nyekundu inakwambia mwanga umezidi ziba tundu. Shata yake haisikiki, hata ndani ya maulidi hutamsumbua mtu.

Canonet ni ndogo kuliko Yashica, lenzi yake ni 40mm kwa hiyo inachukua eneo pana kidogo, nzuri kwa vichochoro na sebule zetu. Kuweka filamu ni kitu chepesi, unalaza ncha kwenye alama nyekundu unafunga mlango unavuta. Ikiwa kwenye kujipangia na mwanga hautoshi au umezidi inagoma kupiga kabisa, wengine inawakera, mimi naona inaokoa filamu.

Zorki ina kelele, unavuta kwa kuzungusha kitufe na sio mkono (mkono ulikuja na Zorki 4K), na hakuna mistari kwenye kidirisha. Ukivaa miwani angalia, ukingo wa kidirisha ni chuma unakwaruza. Ila kuna kirekebishi cha macho chini ya kitufe cha kurudishia filamu, wenye tatizo dogo la kuona wanapiga bila miwani. Picha za Jupiter lenzi ikiwa wazi zina ulaini fulani ambao kwa nyuso za wazee ni mzuri ajabu.

Kabla hujatoa hela

Ukiwa na muuzaji fungua mlango wa nyuma, weka spidi kwenye B (shata inabaki wazi ukishikilia kitufe), tundu la lenzi wazi, shikilia kitufe na mulika tochi ya simu kupitia lenzi, hapo kuvu haina pa kujificha. Zorki na Leica toa lenzi, elekeza pazia kwenye mwanga uone kama lina vitobo. Angalia kitu cha mbali sana, mfano kisiwa cha Toten ukiwa ufukweni, lenzi ikiwa mwisho wa umbali taswira mbili lazima zikaliane. Yashica sikiliza ule mlio na bonyeza cha kupimia betri taa ya kijani iwake. Canonet jaribu 1/4 mara kadhaa uone kama vibati vinafunga vyote.

Basi wewe chukua ipi

Kama ndio unaanza filamu na unataka picha zitoke bila kuwaza hesabu, na una mtu wa umeme wa kukusaidia, Yashica Electro itakufurahisha, agiza na betri za akiba.

Kama unapiga harusi, familia, sherehe za mchana na usiku, na unataka kamera ya kubeba kila siku ambayo betri ikiisha kazi inaendelea, angalia Canonet.

Kama unapenda kufungua vitu na una fundi saa wa kukaa naye, au unaishi nyumba yenye unyevu mbaya na unajua kuvu itakufuata tu, Zorki ndio utaimudu, na kama macho yako yanataka fokasi ya uhakika zaidi tafuta ndugu yake FED 2, umbali kati ya madirisha yake ni milimita 67 wakati Zorki 4 ina 38, ingawa spidi zake zinaishia 1/500.

Kama una hela ya kamera na nyingine umeiweka pembeni kwa ajili ya kuipeleka kwa mtaalamu siku ikihitaji, na unapanga kukaa nayo miaka mingi, chukua Leica M3. Kama hela inaishia kwenye kununua tu, usubiri kwanza, kwa sababu M3 yenye kidirisha cha giza na lenzi yenye kuvu inapiga picha mbaya kuliko Canonet safi.

Na kama nyumbani kuna kamera ya babu au mjomba imekaa kabatini, yoyote kati ya hizi, anza na hiyo. Toa betri kama ipo, mulika lenzi na tochi, ipeleke kwa fundi saa kabla hujanunua kitu kingine.